Namna za Kubeba

Saza, machimboni
11 Januari 1937

Kwa mke wangu Tupokigwe,

Nimefika. Miguu imevimba lakini nimekuja nayo yote miwili. Kutoka kwetu Ileje hadi hapa ni siku sita, na siku mbili kati ya hizo nilitembea ndani ya mvua tupu. Miezi miwili niliyokaa nyumbani imeniharibu, sasa ugali wa kambini naona kama adhabu. Mama yangu, Mama Roda, msalimie sana. Baba yangu msalimie kwa mdomo wa mama, maana najua wewe humsemeshi wala humtaji, unamwita tu yule wa nyumba ya juu. Wenzangu hapa, Wabemba na Wanyamwezi, walicheka nilipowaeleza kwamba kwetu mwanamke akikutana na baba mkwe njiani huingia majanini akampa mgongo mpaka apite, na jina lake halitoki kinywani mwake hadi kufa. Niliwaambia wacheke wakimaliza, ndivyo tunavyoheshimiana sisi.

Habari kubwa ni hii: sishiki sururu tena. Nimewekwa stoo kwa Mzungu mzee tunayemwita Bwana Karatasi. Kazi yake ni kugawa majembe na baruti, lakini moyo wake uko kwenye kitabu cha maneno anachokiandika. Kila neno la Kiingereza amelipa karatasi yake, ndogo kama kiganja, na karatasi zote zimelala ndani ya masanduku ya mishumaa. Ukimwona anavyozishika utadhani ni vifaranga.

Juzi alitoa karatasi ya neno keri. Chini yake alikuwa ameandika kubeba, na kuchukua, akapiga mstari, yaani kwisha. Mimi nikakohoa. Nikamwambia, Bwana, mtoto mgongoni kwa mama na mlevi anayetolewa pombeni, hao kwetu hawabebwi kwa neno moja. Akanitazama kama nimemwambia nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukiingia.

Basi nimejitia kitanzini, nimemwahidi orodha. Wewe ulikaa misheni darasani kuliko mimi, na tena wewe ndiye unayebeba. Mimi, kama usemavyo, nabeba maneno tu. Niandikie namna zote za kubeba unazozijua.

Mumeo,
Anyitike


Nyumbani, Ileje
2 Februari 1937

Mume wangu Anyitike,

Barua yako imeletwa na Isaka mwinjilisti. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama acheke, akacheka.

Kwa hiyo Mzungu wako anajua maneno mawili. Huyo hajabeba kitu maishani mwake, mwenzangu. Mwandikie hivi.

Mtungi tunajitwika, kichwani. Yule anayekusaidia kuuinua amekutwika, na asipokuwepo utalala mtoni na maji yako. Gogo tunalipagaa, begani. Mizigo miwili kwenye mti mmoja, mmoja mbele mmoja nyuma, hiyo ni mzegamzega. Ugoro wa mama unafutikwa kiunoni penye pindo la nguo, ndiyo maana hauonekani akiombwa. Kuku anakwenda kwapani. Tofali za kanisa tulizisomba, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wewe ukiwa umekaa kivulini ukituimbisha. Mtoto akiwekwa mapajani anapakatwa. Mlevi anakwenda mzobemzobe, huyu kashika mikono, yule kashika miguu. Mfano wa hilo ni binamu yako Lusubilo siku ya Krismasi, mimi nikiwa upande wa miguu, lakini jina lake usiliandike, bado hajanisamehe kwa kucheka.

Halafu kuna kueleka. Nimeliacha mwisho na sababu unaijua. Ile mbeleko ya kaniki ya mtoto wetu wa pili sijaiweka sandukuni na sijampa mtu. Naifunga kiunoni niendapo shamba, inanikaza mgongo. Wanawake wakiiona wanageuza macho, kisha wanaendelea na mazungumzo. Andika tu: kueleka, kubeba mtoto mgongoni kwa nguo.

Yule wa nyumba ya juu hajambo. Amehamia kibandani kwenye shamba la mahindi la ng'ambo ya mlima, kupigana na nguruwe. Mama anampelekea chakula siku moja moja, na mimi nikiwa na zamu nakiacha kwenye jiwe, nakohoa, naondoka.

Kuna kubeba kwingine ambako sikuandikii sasa. Wakati wake ukifika utakuona kwa macho yako.

Mkeo,
Tupokigwe


Saza
21 Februari 1937

Mke wangu,

Laiti ungeona. Nilimsomea Bwana Karatasi orodha yako neno baada ya neno, naye akaniomba nimwonyeshe. Basi Mzungu mzee na mimi tukawa tunabeba vitu stoo nzima. Alijitwika debe la mafuta, likamshinda. Alipagaa mti wa kushikilia paa la mgodi. Alitia buli la chai kwapani, akaungua. Mwisho akaketi juu ya gunia akasema amekaa nchi hii miaka kumi na minane akiona watu wakibeba mbele ya macho yake kila siku, na hakuona kitu.

Kisha akanionyesha upande wao. Akafungua kitabu kimoja cha Kiingereza, kizito kama jiwe la kusagia. Tupokigwe, neno keri peke yake limejaza kurasa mbili kwa herufi ndogo kama sisimizi. Sauti ikivuka bonde ikasikika ng'ambo, wao wanasema imekeri. Bunduki inayofikisha risasi mbali inakeri. Nguzo inakeri paa. Mtu anayeshinda kwa hoja barazani amekeri siku. Mbu anakeri homa. Jinsi mtu anavyotembea na kushika kichwa chake, hilo nalo ni kujikeri. Na mimba inakeriwa. Sisi kila mzigo tumeupa neno lake, wao wamelichukua neno moja wakalibebesha dunia yote, na halikuanguka. Sijui nani ana akili zaidi. Nilitoka nje nikatazama milima kwanza.

Sasa Bwana anataka mifano ya kweli. Si habari za hivi hivi. Anataka: nani alibeba, alibeba nini, kutoka wapi mpaka wapi. Niandikie mambo yaliyotokea kweli, hata madogo. Na amesema kazi hii ikimpendeza atanichukua Mbeya miaka miwili, niwe karani wa kitabu chake. Kazi ya kukaa kitini, mke wangu. Nimesema nitafikiri.

Mumeo,
Anyitike


Nyumbani, Ileje
30 Machi 1937

Mume wangu,

Nimechelewa kwa sababu ya mvua. Mlima umeporomoka sehemu tatu na njia ya mtoni haipo.

Kwanza usishtuke. Yule wa nyumba ya juu aliangukiwa na mti kibandani, mguu umevunjika chini ya goti. Yuko misheni, bibi muuguzi amemfunga mbao, na anasema atatembea. Anakula. Anagombana na wagonjwa wenzake, kwa hiyo anapona.

Mifano uliyotaka ni hii.

Kujitwika: Mama Roda, kikapu cha viazi, nyumbani mpaka misheni.

Kusomba: wanawake wa kwetu, udongo ulioziba njia, siku nne.

Kufutika: mimi, barua yako, kiunoni, kila siku.

Kueleka: mtu mzima. Kutoka shamba la ng'ambo ya mlima hadi misheni. Tangu jua kuchomoza hadi lilipofika utosini, kwenye mvua.

Hiyo ndiyo mifano. Mgongo unaniuma kidogo, usiulize, ni kazi tu. Habari za Mbeya nimezisoma. Ukifikiri, nifikirie na mimi.

Tupokigwe


Saza
16 Aprili 1937

Mke wangu,

Nilisoma habari za Baba nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Mungu ni mwema. Niambie ni akina nani waliompeleka misheni, niwatumie salamu na tumbaku. Walipata wapi machela, na wanaume wote wa kwetu wako huku kwenye dhahabu? Nadhani walitoka ng'ambo, upande wa Nyasa. Nitawashukuru maisha yangu yote.

Mifano ni mizuri, ila mmoja umeukosea. Umeandika kueleka mtu mzima. Mtu mzima haelekwi, anayeelekwa ni mtoto. Bwana Karatasi naye alishangaa, akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia mke wangu alikuwa amechoka siku hiyo. Nimekufutia kwa wino wake mwekundu. Usione haya, hata waalimu hukosea.

Mama hakuandika chochote. Mwambie aandike kupitia Isaka.

Mumeo,
Anyitike


Saza
9 Mei 1937

Tupokigwe,

Lusubilo amefika jana kutoka kwetu. Hakunitafuta faraghani, alisema mbele ya watu, kwenye foleni ya posho. Alisema mke wangu amemshika baba yangu mwili kwa mwili. Alisema nyumba yetu sasa inanuka na wazee wamekaa baraza juu yako. Nilimshika shati, wakatutenganisha. Nikamwambia aape. Ameapa.

Miezi miwili umejua na hukuniandikia. Umeniandikia habari za viazi.

Tumezika watoto wawili, Tupokigwe. Tulipomzika wa pili wazee waliuliza ni mwiko gani umevunjwa, nikasimama nikawajibu kwa kifua mbele kwamba mke wangu hajawahi hata kukanyaga kivuli cha baba. Nilikuwa na jibu. Sasa wakiuliza nitajibu nini? Mimi naogopa. Nakuandikia nikiwa naogopa na nimekasirika, sijui lipi linatangulia.

Nenda kwa baba yako, ukae huko hadi kipande changu cha kazi kiishe nije tuzungumze. Kama nitakwenda Mbeya, basi nitakwenda. Usinijibu kwa orodha.

Anyitike


Ileje, nyumba ya juu
2 Juni 1937

Kwa mwanangu Anyitike,

Ni mimi Jonasi baba yako. Mkono unaoandika ni wa Isaka mwinjilisti, maneno ni yangu. Amenishauri nianze kwa upole. Nimekataa.

Barua yako ilifika kwetu Ijumaa. Jumamosi mkeo alifunga mzigo. Hakuniaga, maana haruhusiwi kuniaga. Alisimama nje ya ua wangu wa matete, akakohoa mara moja kama akohoavyo akileta chakula, kisha nikasikia nyayo zikishuka. Nikamuuliza mama yako, anakwenda wapi na mzigo? Mama yako akalia. Ndipo nikamwita Isaka anisomee ulichoandika. Sasa nyamaza usikilize.

Siku ile mvua ilinyesha tangu jioni, alfajiri mlima ukashuka. Mti ulianguka na kibanda, na kibanda kikaniangukia. Mguu nilisikia ukilia ndani yangu kama kuni kavu. Nikajiburuta nje kwenye tope. Mto ulikuwa umefura, watu wa ng'ambo niliwaona wamesimama wadogo upande wa pili, wanapunga mikono, hawana la kufanya. Na tope la mlimani lilikuwa bado linakuja kidogo kidogo, linanifikia kiunoni.

Niliita. Nikasikia mtu juu ya jiwe linapowekwa chakula. Nikaita tena, ni nani hapo? Kimya. Nikaita mara ya tatu, na bado nasikia pumzi zake, yupo, ila haitiki. Hapo nikajua ni mkwe wangu. Mtu mwingine yeyote angeitika.

Mwanangu, mimi ni mzee, nimeona vita ya Wajerumani na Waingereza, nimepagaa mizigo ya wote wawili. Siku ile ndiyo niliyoona kitu. Nilifikiri atakimbia kumwita mtu, na nilijua hakuna wa kuitwa, na nilijua tope halitamngoja. Nikaanza kusema sala zangu. Kisha nikamwona. Alikuwa anakuja kinyumenyume. Anashuka ule mteremko wa tope kinyumenyume, mkono mmoja anashika majani, amenipa mgongo tangu mbali, uso anautazamisha mlimani. Hatua kwa hatua. Aliteleza mara mbili, akasimama, hakugeuka. Alifika mbele yangu akachuchumaa. Akafungua nguo aliyojifunga kiunoni, akanirushia ncha moja juu ya bega lake bila kutazama. Ilikuwa ile mbeleko ya mjukuu wangu. Naijua, niliiona siku tuliyomzika.

Nikapanda. Ningefanya nini? Akafunga fundo kifuani pake, akasimama. Magoti yake yalitetemeka mpaka nikayasikia ndani ya meno yangu. Akatembea.

Hakusema neno nami njia nzima. Mimi nilisema, nilimwambia niache, nilimwambia nimeishi ya kutosha, hakujibu. Alipochoka alitafuta jiwe la kimo cha kiuno, akaniketisha kwa mgongo, akapumua akitazama mbele, kisha akachuchumaa tena. Mawe manane. Nimeyahesabu, na mguu wangu ukipona nitakwenda kuyatazama moja moja. Kwenye kile kilima cha mwisho alikuwa anatambaa kwa mikono na magoti, na mimi juu yake, nalia kama mtoto. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Isaka ameacha kuandika ananitazama. Andika, Isaka.

Misheni alinishusha barazani, akafungua fundo, akaondoka. Mbeleko nilibaki nayo mimi.

Baraza lilikaa, ni kweli. Binamu yako Lusubilo ndiye aliyesema zaidi, kwa sababu ana yake moyoni. Walisema mwiko umevunjwa. Niliagiza wanibebe kwenye machela mpaka pale, nikawauliza. Aliniona uso? Hakuniona. Alinitaja? Hakunitaja. Alisema nami? Hakusema, na nilimsihi. Alinipa mgongo, kama baba zetu walivyoagiza mkwe atupe mgongo. Aliyepanda ni mimi. Mwenye kosa ni aliyepanda, na kama kuna mbuzi wa kutolewa atoke zizini kwangu, alikwishatoka, mmemla, mifupa ile pale. Mzee mmoja akasema miaka yote alidhani ameijua desturi hii hadi mwisho wake, kumbe alikuwa mlangoni tu.

Sasa la mwisho. Mama yako amenieleza jambo ambalo wewe huambiwi kwa sababu ya woga wenu wa kuzika. Mkeo ana mimba ya miezi sita. Siku ile ilikuwa ya miezi mitatu, na yeye alijua. Alijua, akachuchumaa. Njia ile yote alikuwa amebeba watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na kila aliposimama alikuwa anafikiri kwamba kwa ajili ya yule wa nyuma labda anampoteza wa mbele. Wewe umemfukuza kwa wino.

Andika barua nyingine.

Baba yako,
Jonasi

Na mimi Isaka niliyeandika, sikupunguza wala kuongeza, isipokuwa matusi matatu.


Saza
24 Juni 1937

Tupokigwe,

Sijui nianzie wapi, na mimi ndiye mbeba maneno.

Barua ya Baba nimekuwa nayo siku tano. Siku ya kwanza niliisoma nikatoka, nikapanda kilima kilicho nyuma ya kambi nikiwa nimejitwisha jiwe, la uzito wa mtu mzee nilivyokisia. Nilitaka kujua. Sikufika katikati. Nilikaa pale na jiwe langu nikalia kwa sauti, na hapakuwa na mvua, na sikuwa na mtoto tumboni.

Nilikuona njia yote hiyo. Nilikuona ukiwa umenipa mgongo mimi pia.

Nimekukosea. Hilo nalisema wazi, sitalifunga na maneno mengine. Uliniandikia ukweli katika mstari mmoja, kwa sababu nilikuomba mambo yaliyotokea kweli, na mimi nikaufuta kwa wino mwekundu na kukuambia umechoka. Kisha nikamsikiliza Lusubilo. Niliogopa, lakini wewe uliogopa zaidi na bado ulichuchumaa. Na Lusubilo nimemsomea barua ya Baba mbele ya foleni ileile ya posho. Aliondoka bila kuchukua posho yake.

Bwana Karatasi aliniona sifanyi kazi, akaniuliza. Nikamweleza yote, na mwiko wetu ni nini, na kwa nini hukuitika. Alivua kofia. Kisha alifungua sanduku akatoa karatasi ya keri, akaniwekea mbele na kalamu, akaniambia niandike mwenyewe pale nilipofuta. Nimeandika: kueleka, mtoto au mtu mzima. Herufi zimekaa vibaya, akasema ziache hivyo hivyo.

Mbeya siendi. Nimemwambia Bwana, naye amesema alikwishajua. Kipande changu kinakwisha Novemba na siongezi hata siku moja. Rudi nyumbani kwetu, nakuomba. Si amri. Misheni walitufundisha neno moja ambalo sikulipa maana hadi leo: kuchukuliana. Nichukulie.

Anyitike


Nyumbani, Ileje
3 Oktoba 1937

Mume wangu Anyitike,

Barua yako ya Juni ilinikuta kwa baba yangu. Niliisoma, nikaikunja, nikaifutika. Sikurudi siku hiyo. Nilikaa wiki tatu zaidi ili ujue na mimi nina shingo. Kisha Mama Roda alikuja mwenyewe kunifuata, na miguu yake ile, nikaona haya, nikafunga mzigo.

Umeniuliza kwa nini sikukuandikia. Niliandika. Zaidi ya pale sikuweza, mkono ulikataa. Nilikuwa nahesabu siku za tumbo kila asubuhi, nikisubiri kulipa. Nilikuwa nalala na kuamka nikisema, leo ndiyo leo, litatoka. Halikutoka. Mwezi wa sita lilipoanza kunipiga mateke nilikuwa kwa baba yangu peke yangu uani, nikakaa chini nikacheka kama mwendawazimu.

Basi ule ubebaji mwingine niliokuficha nimeutua. Tarehe kumi na nane Septemba, kwa bibi muuguzi. Ni msichana. Ni mzito, mweusi, ana kelele za baba yake. Hana alama yoyote mwilini, nimemgeuza na kumgeuza kutafuta.

Sasa nikueleze la Jumapili, maana mama anasema nisipokuandikia ataandika yeye.

Siku ya kumtoa mtoto nje wanawake walijaa uani. Mimi nilikuwa ndani, mlangoni, nimempakata. Mama akaingia akaniambia, yule wa nyumba ya juu ameagiza nguo yake. Nikauliza nguo gani. Akatoa kwapani ile mbeleko ya kaniki. Kumbe alikaa nayo miezi yote, tangu barazani misheni. Akasema, anasema hii ni yako, ila anaomba aitumie yeye kwanza. Wanawake wakacheka, nani kaona mwanamume anaeleka mtoto kwa mbeleko. Nami nilicheka. Kisha tukasikia fimbo.

Alikuwa anakuja kinyumenyume. Kutoka kwenye ua wa matete mpaka mlangoni kwangu, kinyumenyume, na fimbo yake, na ule mguu uliopona mfupi. Kila hatua anapapasa kwa kisigino. Wanawake waliacha kucheka, wakampisha njia. Alipofika mlangoni akachuchumaa, kwa shida, mguu hautaki kukunjika, lakini akachuchumaa mpaka chini akangoja.

Mume wangu, miaka saba naishi nyumba hii na sijawahi kumtazama. Yeye mgongo wangu anaujua. Mimi wake ndio nilikuwa nauona mara ya kwanza. Ni mwembamba, una kovu la upagazi kwenye bega la kulia. Mama alinishika mkono, nikainuka.

Nikamlaza mtoto pale mgongoni. Nikapitisha mbeleko, mama akamfungia fundo kifuani. Hakusema nami na mimi sikusema naye. Uso wake sijauona na sitauona, na jina lake huku siandiki.

Alisimama polepole, wanawake wote mikono mbele kumdaka asianguke. Hakuanguka. Akatembea naye hadi migombani na kurudi, na mtoto akalala.

Jina tunakungoja wewe.

Mkeo,
Tupokigwe